Niliyemfuta Ndiye Mwenye Msitu

Bi. Augusta, mshauri wetu wa gazetini,

Nimeianza barua hii mara nne na mara nne nimeichana, na leo nitaimaliza hata ikiwa mbaya, kwa sababu siku zimeniishia na sina mtu mwingine wa kumwuliza ambaye hatamfikishia baba yangu habari. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, nimeolewa, na pamoja na mume wangu na baba tunachemsha utomvu wa miti ya mepo mpaka uwe shira, katika banda alilolijenga babu, huku kaskazini mwa jimbo la Vermont, wewe unakujua na wasomaji wako wanakujua.

Mama yangu, kabla hajafariki miaka mitatu iliyopita, alikuwa na desturi moja. Kila mwezi wa Machi tulipowakaribisha watu bandani kula shira ya moto iliyomwagwa juu ya theluji, pamoja na donati na matango ya siki, kila mgeni aliandika jina lake kwenye daftari lililokuwa karibu na mlango, na mama akawaandikia wote, mwanzoni kwa posta, baadaye kwa barua pepe, siku tunapowasha moto wa kwanza. Katika barua zake hakuuza kitu, alieleza kina cha theluji, nani amejifungua, nani amevunjika mguu, na moto utawashwa saa ngapi, na bei ilikaa mstari wa mwisho kabisa kama kitu alichokikumbuka akiwa mlangoni.

Alipofariki orodha ile ikawa yangu, watu elfu mbili na zaidi, na mauzo yakaanza kushuka, nikaona nitakuwa mimi niliyeliua banda la babu, basi majira ya baridi ya mwaka juzi nikajiunga na darasa la jioni la kuuza kwa barua pepe, na mwalimu akatufundisha tuache kumwandikia kila mtu kama kwamba wote ni mtu mmoja, tuigawe orodha katika mafungu na kila fungu tuliambie linalolihusu. Nikaigawa, na sitaficha, ilifanya kazi. Wenye mikahawa na waokaji niliwaandikia habari za shira nyeusi ya mwisho wa msimu, wanunuzi wa zawadi niliwaandikia Novemba, wapenda punguzo nikawapa punguzo, na Krismasi iliyopita hatukubaki na chupa hata moja, jambo ambalo halijatokea tangu nizaliwe.

Fungu la tano ndilo lililoniponza. Humo niliwaweka wote ambao kompyuta ilionyesha hawajanunua kitu kwa miaka miwili, watu mia sita na kumi na mmoja, nikaliita fungu hilo Waliolala. Mwalimu alisema watu wa namna hiyo wasipozifungua barua zako, wenye mitambo ya barua pepe huziona zote kuwa taka, hata zile za wateja wazuri, kwa hiyo waandikie mara ya mwisho, wasiojibu uwafute. Nikaandika hivi: "Hatujakusikia kwa muda mrefu. Kama bado unatutaka, bofya kitufe hiki ndani ya siku kumi na nne. La sivyo tutaelewa, na hatutakusumbua tena." Sikusoma majina, Bi. Augusta. Niliangalia safu ya manunuzi, nikaona sifuri, nikawachagua wote kwa pamoja, nikatuma.

Miongoni mwao alikuwamo jirani yetu, nitamwita Mzee Harlan. Kati ya vibomba vyetu elfu tatu, vinavyokinga utomvu na kuuteremsha bandani kwa mipira, elfu moja na mia mbili vimepigwa kwenye miti yake, kwa maneno ya mdomo na kupeana mkono na babu miaka arobaini iliyopita, hakuna karatasi. Hajawahi kununua shira kwetu kwa sababu sisi ndio tunaompa, galoni sita kila mwaka, ndiyo kodi ya msitu wake, na kompyuta haina safu ya kitu kama hicho. Anwani yake ya barua pepe alifunguliwa na mama yangu, mezani kwetu, ili aipate barua ya moto wa kwanza.

Wiki iliyopita nilimkuta kwenye duka la chakula cha mifugo. Watu walikuwa wamesimama karibu na jiko, na mwenye duka, Yvette, alikuwa anafunga magunia.

Nikamwambia, "Mzee Harlan, wiki ijayo tunaanza kutoboa."

"Kutoboa nini?"

"Miti, Mzee. Kule juu kwako."

"Yenu mnayo. Toboeni yenu."

Nikacheka kidogo, nikidhani ananitania, maana ana mizaha. Yvette naye akacheka. "Harlan, umekasirika nini leo? Paka amelalia kofia yako?"

"Sijakasirika. Nilipata barua yao. Wakasema nisipobofya wataelewa. Mimi sikubofya. Basi waelewe."

"Kubofya kumekushinda?" Yvette akasema. "Si ungeniletea hapa nikubofyee?"

"Kitufe nilikiona. Nina miaka themanini na moja, Yvette, siombi kuendelea kuwa jirani wa mtu." Kisha akanigeukia, na hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. "Kama nilikuwa nawasumbua, binti, ungeniambia tu. Nyumba si mbali. Mipira yenu itoeni kabla ya utomvu kuanza kutiririka, sitaki kuikata mwenyewe."

Akabeba gunia lake akatoka, na Yvette akarudi kwenye magunia yake.

Niliporudi nyumbani nikafungua kompyuta na kutazama safu nyingine, ile inayoonyesha nani anafungua barua, ambayo sikuitazama siku ile. Mzee Harlan amefungua kila barua tuliyowahi kumtumia. Ile ya mwisho aliyoiandika mama, ameifungua mara kumi na moja.

Baba hajui. Nyonga yake ni mbovu na hatoki sana, ila kila asubuhi ananiuliza, "Umeongea na Harlan?" nami nasema, "Nitampitia, Baba." Mume wangu anasema nimwambie mzee ni kosa la kompyuta, "kila mtu anailaumu kompyuta, nayo haimbishii mtu." Bila miti ile banda halijiendeshi, na baba akijua sababu sijui kama atanitazama usoni. Nifanye nini? Niilaumu kompyuta isiyobisha, au niseme ukweli na pengine nipoteze vyote? Na ile orodha, je, niirudishe kama mama alivyoiacha?

Mimi mwenye aibu,
Mchemsha shira

*

Binti yangu,

Pole kwa kufiwa na mama, na pole kwa kuubeba mzigo wa banda peke yako. Pole zangu zinaishia hapo, maana utomvu hausubiri.

Hukukosea kuigawa orodha. Nalisema hili mapema kwa sababu najua wapo watakaoisoma barua yako na kutikisa vichwa, wakisema kompyuta imeharibu dunia. Mwokaji anayetaka shira nyeusi hana haja ya kusoma habari za chupa za zawadi, na ni adabu kumwandikia mtu jambo linalomfaa. Mwalimu wako alikufundisha vizuri. Kosa lako ni kuwapima watu wote kwa kipimo kimoja, manunuzi, katika biashara ambayo nusu ya majirani hulipa kwa kuacha noti mlangoni mwa banda, wengine hulipa kwa kuni, na mmoja hulipwa. Ulijua hayo yote tangu utotoni. Kompyuta ndiyo iliyokuwa haijui, nawe ukaiachia kazi ya kukuambia nani ni nani.

Kosa la pili ni kubwa kuliko hilo. Ulituma barua ya kuagana kwa watu mia sita na kumi na mmoja bila kusoma majina yao. Kusoma majina hayo kungekuchukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Na ile barua yenyewe, binti yangu, ni ya kiburi. "Kama bado unatutaka, bofya." Mtu wa bonde hili akiulizwa swali hilo na nyumba aliyoisaidia kwa miaka arobaini, atafanya alivyofanya Mzee Harlan: atanyamaza na kuondoka njiani mwako. Ulimwita aliyelala, na kumbe yeye ndiye aliyekuwa macho kuliko wote.

Sasa sikiliza. Anza kwa baba yako, na uanze leo, kabla ya chakula cha jioni. Ukienda kwa mzee kabla ya kumwambia baba, utakuwa unaficha jambo katika nyumba mbili. Mweleze kama ulivyonieleza mimi, na hiyo safu ya barua zilizofunguliwa umwonyeshe. Huenda akakasirika. Mwache akasirike. Mtu anayeuliza swali lile lile kila asubuhi tayari ameshahisi kitu.

Kisha nenda kwa Mzee Harlan, asubuhi, akishamaliza kulisha mifugo, upite mlango wa jikoni. Usimpigie simu. Usimwandikie. Usimpelekee galoni ya shira, maana shira ni haki yake, na haki ya mtu haigeuzwi zawadi ya kuombea msamaha. Mume wako abaki nyumbani pamoja na ushauri wake. Kompyuta haibishi kweli, lakini mzee huyo ameshakuambia kwamba kitufe alikiona. Anajua kuna mtu aliyekiweka. Ukimdanganya utakuwa umemfukuza mara ya pili, na safari hii kwa makusudi.

Mwambie: "Barua ile niliiandika mimi. Niliituma bila kulisoma jina lako. Naona aibu." Maneno yanatosha hapo. Usitaje miti. Usitaje vibomba wala msimu. Ukiitaja miti kabla yeye hajaitaja, ataamini umekuja kwa ajili ya miti, na hatakuwa amekosea. Mpe nafasi ya kunyamaza kwa muda anaoutaka, na wewe usiijaze nafasi hiyo kwa maelezo.

Akisema msirudi, usibishane. Panda kilima na mumeo, muitoe mipira yote kwa mikono yenu, muuache msitu wake ukiwa safi kuliko mlivyoukuta, na mwakani mchemshe kidogo. Siwezi kukuahidi kwamba hilo halitatokea. Msitu ni wake, na heshima iliyovunjwa ni yake pia. Vyote viwili anaweza kuviweka anapotaka.

Kuhusu orodha, usiirudishe kama ilivyokuwa. Yachapishe yale majina mia sita na kumi na moja kwenye karatasi, ukae na baba yako mezani, umsomee moja moja kwa sauti. Atakuambia nani hulipa mlangoni, nani hukopesha trekta, nani amehamia kwa mwanawe, nani amekufa. Hao majirani watoe katika hesabu ya mauzo kabisa, wawe fungu lao, lisiloandikiwa bei wala punguzo, wala kupewa siku kumi na nne. Waliofutwa miongoni mwao uwaandikie kwa kalamu, kila mmoja barua yake. Walio mbali, ambao kweli hawajafungua barua kwa miaka miwili, waache waende, kwa maneno ya shukrani na bila vitisho. Wateja wengine endelea kuwagawa, na uwagawe vizuri zaidi: usitazame walichonunua tu, tazama pia wanachosoma, na ukiwa na shaka, muulize mtu mwenyewe.

Lakini barua ya moto wa kwanza haigawanywi. Hiyo iende kwa kila mtu, siku moja, maneno yale yale: kina cha theluji, nani amejifungua, moto utawashwa saa ngapi. Mama yako hakuiandika ili iuze. Ndiyo maana mzee wa miaka themanini na moja aliirudia mara kumi na moja.

Jambo moja zaidi, nawe hutalipenda. Umebadilisha jina lake, lakini hakuna mtu katika kaunti hii ambaye hatamtambua, na gazeti hili linafika nyumbani kwake kila Alhamisi kama linavyofika kwako. Kwa hiyo nimekutumia nakala ya jibu hili kwa posta Ijumaa iliyopita. Ulikuwa na siku sita. Ikiwa unalisoma hapa ukiwa bado hujaenda, weka gazeti chini sasa hivi, uchukue koti.

Na wewe, bwana mwenye msitu: iwapo binti huyu ameshafika kwako, mambo yaliyosemwa jikoni ni yenu na sitauliza. Iwapo hajafika, usimngojee kwa ajili yangu. Mipira iko kwenye miti yako, na kisu unacho.