Command na H

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Kompyuta mpya, Mac, imefika. Mzee Sifael kaitoa kwenye boksi mwenyewe, taratibu, kama amebeba mtoto wa kubatizwa. Ofisi nzima — yaani mimi, yeye na Aika — tumesimama tunaangalia. Kasema mwezi wa kumi anafungua tawi Njiro, na atakayeimudu mashine hii ndiye atakayelisimamia. Kaniangalia mimi. Halafu kamwangalia Aika. Hilo la pili sijalipenda.

Miaka yote hii hapa Kijenge, mtu akitaka kadi ya harusi au programu ya ibada anauliza: Ndeshi yupo? Aika kaja juzi tu, kamaliza chuo Makumira, hata kiti hajakizoea. Na kila asubuhi ananipa shikamoo. Shikamoo! Nina miaka thelathini na tatu.

Jumatano, 3 Septemba

Hii kibodi ni ya watu gani? Control ipo, lakini nikiibonyeza na C hakuna kinachonakiliwa. Kazi yake kapewa mwingine anaitwa Command, kakaa pembeni ya spesi na alama kama ua. Alt wanaiita option. Enter ni return. Backspace wameiandika delete — nani atafuta herufi moja kwa amani hapo?

Kidole changu cha mwisho kinakimbilia Control chenyewe. Siku nzima nimebonyeza hewa. Aika anateleza tu, eti alikuwa anaazima ya rafiki yake chuoni. Mzee kasimama nyuma ya kiti chake anachekelea. Kasema binti huyu kazaliwa na kompyuta. Mimi nilizaliwa na nini, mbuzi?

Wivu ninao. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kuniombea.

Ijumaa, 5 Septemba

Aika kanifuata mezani kwa upole. Upole wake ndio unaoniudhi zaidi. Kasema pale nilipozoea Control niweke Command, mambo mengi yatakwenda. Mengi, dada Ndeshi, siyo yote, kuna herufi chache — nikamkatiza. Nimeelewa, mdogo wangu. Karudi kwenye kiti chake.

Mchana Mzee kamletea soda. Mimi sikuulizwa.

Jumatatu, 8 Septemba

Leo nimekwenda vizuri. Command na C, Command na V, Command na Z, zote zimenitii. Mzee kasema naanza kuchangamka. Kuchangamka! Kama mgonjwa aliyeweza kunywa uji.

Halafu kampakia Aika kwenye gari wakaenda Njiro kuona chumba. Wamerudi wanaongelea rangi ya ukuta.

Alhamisi, 11 Septemba

Naandika ofisini, mchana.

Asubuhi alikuja baba mmoja wa Njiro, kafiwa na mama yake, mazishi kesho. Programu ya mazishi hatuiandiki upya. Tunachukua ya msiba uliopita, tunabonyeza Control na H, jina la marehemu wa zamani linatoka na la mpya linaingia kila mahali. Nimefanya hivyo mpaka naweza kwa kufumba macho. Aika alishaweka picha, wasifu na nyimbo, kwenye Mac. Yalibaki majina. Akatoka kununua karatasi, Mzee akaniambia nimalizie.

Nikabonyeza Command na H.

Kazi ikapotea. Yote! Skrini tupu, kumebaki picha ya milima ya nchi za watu. Yule baba yuko kwenye benchi, anasubiri. Mzee akasogea, akauliza kulikoni. Nikasema Aika hakuihifadhi. Nikasema nimeikuta hivyo hivyo. Mdomo ulitangulia, mimi nikaufuata.

Aika akarudi na karatasi mkononi. Alitaka kusogelea mashine, Mzee akamzuia. Kamwambia msiba wa watu hauchezewi, aende nyumbani, na Njiro asahau. Aika alisema tu: Mzee, niliihifadhi. Machozi yalishamjaa. Hata hivyo kaniaga kabla ya kutoka. Baki salama, dada Ndeshi.

Mzee kamchukua yule baba wakafuate picha nyingine nyumbani kwake, tuanze upya.

Nimebaki peke yangu. Kuna vipicha vimejipanga chini ya skrini. Nimebonyeza kimoja, basi tu, sina la kufanya. Programu ya mazishi imerudi. Nzima. Bibi aliyefariki anatabasamu kwenye jalada, nyimbo zake ziko mahali pake. Haikufutika, ilikuwa imefichwa tu. Nimejaribu tena kuhakikisha: Command na H, haipo. Kipicha, ipo. Kumbe hiyo ndiyo herufi aliyotaka kuniambia.

Namba ya Aika nimeifungua kwenye simu. Sijapiga. Nikipiga, atarudi, na Njiro inarudi naye. Nisipopiga, tutaandika upya, nitaifanya usiku kucha kama ikibidi, na Mzee atasema Ndeshi ndiye mtu. Hayo maneno nimeyasubiri tangu huyu binti aingie hapa. Mbona hayana ladha?

Gari la Mzee linaegesha nje. Namsikia anaongea na yule baba, anampa pole tena. Bibi yuko wazi kwenye skrini, ananiangalia. Mkono wa kulia unaandika. Wa kushoto umeshakaa kwenye kibodi, gumba juu ya Command, kidole kingine juu ya H.