Sikio la Kushoto

3 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo huko na pilikapilika za filamu? Mimi mzima, kifua kimeacha kubana. Mwenye shida ni Baba. Juzi alikuwa akimnyoa mteja mgeni, mara yule mteja akapiga yowe, akashika sikio, damu ikachuruzika hadi kwenye taulo, akatoka mbio. Baba huyu, ambaye tangu ashike wembe hajawahi kumchubua mtu! Tumemtafuta yule mtu hospitali zote, hayupo. Saluni imefungwa. Kila Baba akisikia viatu mlangoni anavaa koti, akidhani polisi wamemfuata. Njoo hata siku moja tu. Wewe ndiye unayejua kumchekesha.

Dada yako

19 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepoa kabisa. Samahani kwa kuchelewa, kazi imetubana. Watu siku hizi hawachekeshwi na kamera za kuficha kama zamani. Wanasema wote wanaorekodiwa wamepangwa. Mkubwa wetu sasa anataka hofu ya kweli usoni. Kuhusu Baba, mwambie asijitese. Sikio la kushoto likichubuka kidogo linapona lenyewe. Afungue saluni, riziki haimngojei mtu.

Mdogo wako

23 Machi

Mdogo wangu,

Shikamoo yako nimeipokea. Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Mimi niliandika sikio. Sikuandika la kushoto. Umejuaje?

Dada yako

2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Usinikasirikie kabla hujanisikiliza. Hakukuwa na jeraha, ilikuwa rangi, na yule mteja ni mwigizaji wetu. Kamera tuliificha nyuma ya kioo. Chumba kile nakijua hata nikifumba macho. Mimi nilikuwa nje, ndani ya gari, naangalia. Tulitakiwa tuingie, tumpe mkono, tucheke naye. Lakini Baba alitoka akapiga magoti kwenye lami, akiita watu wamsaidie kumkamata yule mtu apelekwe hospitali. Nikaona haya kushuka. Tukaondoka.

Tulipowaonyesha watu filamu kwa majaribio walinuna mwanzo hadi mwisho, ila hapo walishika mbavu. Nikiiondoa sehemu hiyo hakuna filamu, nami sina kazi. Itaanza kuonyeshwa Ijumaa ya tarehe 18. Mwambie Baba taratibu, ila usinitaje, nakuomba.

Mdogo wako

7 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, nawe umemtumbulia mzazi usoni. Nimemwambia Baba kwamba hakuna aliyekatwa, ilikuwa filamu. Alimshukuru Mungu, akalia. Kisha akauliza ni nani waliofanya hivyo. Nikanyamaza, naye akaelewa, maana angekuwa mtu baki ningemtaja na matusi juu.

Hakufoka. Ameunoa wembe. Anasema mkono wake hauthubutu tena kugusa kichwa cha mtu, kwa hiyo cha kwanza kiwe chako. Uje kabla ya hiyo Ijumaa, ukae kitini, umwambie kwa mdomo wako. Akijiona kwanza ukumbini mbele ya watu, umempoteza. Nimekasirika mno, lakini bado nakuita. Njoo.

Dada yako

12 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nakuja Alhamisi asubuhi. Nitamwambia yote. Mwombe asinipunguze masikio!

Mdogo wako

20 Aprili

Kwako,

Sisi wazima. Alhamisi Baba alifungua saluni. Alifagia, akatoa taulo jipya, na wateja wawili waliofurahi kumwona aliwarudisha, akiwaambia kiti kina mwenyewe. Alikaa mpaka giza likaingia, wembe mapajani. Chakula nilichompelekea hakukigusa.

Ijumaa akavaa koti, akaenda kuitazama filamu yenu. Nilimfuata nikakaa nyuma yake. Ukumbi ulicheka, tena sana. Pale alipopiga magoti katika filamu, kuna kijana alicheka mpaka akajimwagia soda. Ulikuwa na wasiwasi kwamba filamu hizi hazichekeshi tena; basi ondoa shaka.

Tulipofika mlangoni nyumbani akaniuliza, "Yule mzee aliyepiga magoti, hana watoto?"

Nikamjibu anaye mmoja, wa kike.

Binti wa kinyozi