Sufuria ya Mize Isiyooshwa kwa Maji

Kwako Mize, mke mwenzangu,

Sikuulizi hali, maana hali yako sasa anaijua Mola peke yake. Yangu nakwambia mwenyewe: nina wivu. Khitma yako tumeisoma, wali tumeupika, watu wa kwenu Gando wamekuja na wamerudi kwao, nami bado namwonea wivu mtu aliye kaburini. Nacheka peke yangu kama mwehu, kisha nalia.

Chupa imekuja kwangu, Mize. Ile ile.

Ulipokuwa hai nilikuwa nikiiona ikipita mlangoni pangu. Mume wetu Hamad anatoka kazini, kwenye nyumba ya mashine za umeme, shati linanuka mafuta, chupa kaishika kwa mikono miwili kama aliyebeba yai, ananipita na kuingia kwako. Hata zamu ikiwa yangu! Usiku wangu, chakula changu kiko mkekani kinapoa, yeye kwanza aende kwa Mize "mara moja tu". Nilijua mnafanya nini. Mmechutama mbele ya jiko la makaa, vichwa vimekaribiana, mnasikiliza mafuta. Mtu angeniambia mnabusiana ningeumia kidogo kuliko hivyo.

Siku moja nilimgombeza, akanieleza. Lile pipa la chuma lililo juu ya nguzo karibu na soko, transfoma, ndani yake mna nyaya zilizozama kwenye mafuta, na mafuta yale hayataki maji hata kidogo. Yakiingia unyevu, na masika ya Pemba unayajua, ipo siku linapasuka na Wete yote inalala kizani. Basi kila baada ya mvua kubwa hufungua bilula ya chini, akakinga mafuta kidogo, akayapasha moto. Yenye maji hulia, makavu hunyamaza. Lakini masikio yake yamekwisha haribiwa na ngurumo za mashine, hasikii mpaka umpigie kelele. Mwenye sikio ulikuwa wewe, uliyelelewa kwenye kupika mafuta ya nazi, uliyejua tui limekwisha maji kwa kulisikiliza tu.

"We mtu wa Chokocho," akanambia, "kwenu mwajua samaki." Kana kwamba Chokocho hakuna minazi! Kauli ile imenikaa kooni mpaka leo.

Nami nikakusema kwa majirani. Nilisema sufuria ya Mize haijui maji, mwanamke mchafu, anaipangusa kwa kitambaa tu na kuirudisha msumarini. Ulisikia, najua ulisikia. Ukaniletea mkate wa kumimina ungali wa moto, ukauliza kama watoto wameamka salama. Hilo nalo lilinikera.

Sasa sikiliza. Juzi mvua ilinyesha mchana kutwa, na ilipokatika Hamad akasimama mlangoni kwangu na chupa. Nilifurahi, Mize, Mungu anisamehe. Nikatoa sufuria yangu nzuri kuliko zote, nikaisugua kwa majivu na maji hadi ikang'ara, nikaipangusa kwa ncha ya kanga, nikamimina mafuta. Mgeni niliyemngoja miaka yote ile nitamwandalia chombo kichafu? Yakapata moto, yakaanza. Ta, ta, ta.

"Yalia?" akauliza.

Nikamwambia yalia, tena kwa sauti kubwa ya kujivunia, kama niliyemzalia mtoto wa kiume.

Akakaa kitako chini. Itabidi azime mji, amwage mafuta yote kwenye mapipa, ayachemshe, ayachuje, na hospitali usiku watumie kandili. Mvua nyingine imeshatanda. "Mize angalikuwepo..." akasema. Hakumaliza. Afadhali angemaliza.

Nilikasirika. Nikaitazama ile sufuria yangu inayong'aa, huku nikitafuta la kukusema hata wewe uliyekufa, ndipo nikaona tone la maji limejificha chini ya ukingo wake, pale ulipokunjwa. Jengine likateremka mbele ya macho yangu, likaingia kwenye mafuta. Ta. Yaliyokuwa yakilia hayakuwa maji ya transfoma. Yalikuwa maji yangu mwenyewe niliyooshea.

Nikamwomba ufunguo wa nyumba yako. Niliingia mara ya kwanza bila ya wewe kuitika hodi. Sufuria ilikuwa msumarini nyuma ya mlango, nyeusi, na kitambaa chako kikavu kimekunjwa ndani yake. Nikakaa kidogo kitandani pako. Kumbe hukuwa mchafu. Ulikuwa unajua kazi yako, ukaniacha niseme nitakalo, wala hukunieleza. Kwa nini hukunieleza, Mize? Au nawe ulikuwa na wivu wako, hukutaka nijue?

Nikarudi nayo kwenye jiko langu, nikaipangusa, nikaipasha moto tupu, nikaiacha ipoe, ndipo nikamimina mafuta yaliyobaki chupani. Nikainamisha kichwa. Nisikufiche: nilitamani yalie. Nilitamani hata mlio mmoja tu, ili niwe mimi ndiye niliyesikia sawa tangu mwanzo, na sufuria yangu nzuri isiaibike mbele ya yako. Mafuta yakapata moto, yakatoa moshi mwembamba. Kimya. Nikangoja. Kimya.

"Yalia?"

Ulimi ulikuwa wangu, na yeye angeamini lolote. Nikampigia kelele sikioni: "Hayalii! Makavu!"

Akafumba macho. Akaniwekea mkono begani, ule mkono wa kubebea chupa, Mize, na akasema kwa upole ambao sijapata kuusikia nyumbani kwangu: "Ahsante, Mize."

Hakujijua. Aliinuka, akachukua chupa yake, akaenda zake kazini, na magharibi taa za Wete zikawaka kama kawaida. Sikumsahihisha. Ningemsahihisha vipi mtu asiyesikia?

Basi lala, mke mwenzangu. Mola akupanulie kaburi na akutilie nuru humo. Sufuria yako sasa iko kwangu, msumarini, na nakuahidi haitaguswa na maji nikiwa hai. Chupa ikija nitaipokea, nitasikiliza, nitasema kweli hata ikinichoma. Akiniita kwa jina lako nitaitika. Lakini siku tutakapokutana huko, usogee kidogo, uniachie nafasi mbele ya jiko, nichutame katikati yenu.

Ni mimi Riziki, mwenye zamu.