Toleo 3.3.5 na Jina Lisilo Lake

KITUO CHA POLISI, WILAYA YA MASHARIKI, TAINAN
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Tsao Yu-fen (mwanamke)
Umri: miaka 46
Kazi: fundi wa programu za lifti
Makazi: Mtaa wa Dongning, Tainan
Yameandikwa: 23 Agosti 2019, saa 4:10 asubuhi

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nina miaka kumi na tisa katika kampuni ya Bwana Yeh Kun-tai, inayotengeneza programu za kuendeshea lifti. Chiu Pei-hsun mliyemweka ndani ni mwenzangu. Meza zetu zinatazamana.

Ukibadilisha kitu kwenye programu, unaandika juu kabisa ya kumbukumbu ya mabadiliko: namba ya toleo, ulichobadilisha, jina lako. Kompyuta inasoma hayo, inafunga kifurushi yenyewe na kukituma kwenye lifti za wateja. Haimuulizi mtu. Ukiiandikia uongo, inaubeba hivyo hivyo.

Mnamo tarehe 15 Agosti, saa 5:40 asubuhi, nilipunguza muda ambao mlango wa lifti husubiri kabla ya kufunguka. Ilikuwa siku ya sadaka za mizimu na mama mkwe alikuwa ananingoja kupanga meza. Kwa haraka nilinakili maandishi ya Pei-hsun ya wiki iliyotangulia, nikabadilisha namba, nikaandika "marekebisho madogo". Jina lake sikulifuta. Saa 5:52 kifurushi kikatoka. Pei-hsun alikuwa mbele yangu anakula mkate wa mvuke, hana habari.

Mnamo tarehe 20, saa 3 asubuhi, lifti ya jengo la soko ilifungua mlango kabla haijafika usawa wa sakafu. Mama Lü Chin-e, muuza tofu, alianguka akavunjika nyonga. Nilikwenda kumwona hospitalini. Akaniuliza kama nimekula.

Kesho yake Pei-hsun alikamatwa. Nilimwambia Bwana Yeh ukweli. Akasema, "Yu-fen, acha kiherehere. Karatasi inasema Pei-hsun. Yeye bado kijana, atainuka. Wewe utaanza wapi?" Nikanyamaza siku mbili. Naona aibu kulisema hilo.

Afisa ameniambia huenda namwonea huruma tu. Basi tazameni namba. Toleo lililotangulia kifurushi changu ni 3.3.3. Mimi nne siiandiki, ni nuksi; kwetu hutamkwa karibu sawa na neno "kifo". Hata majengo mengi ya wateja wetu hayana ghorofa ya nne. Bwana Yeh naye haiandiki, ila hajagusa programu tangu 2008. Pei-hsun huiandika bila wasiwasi, 3.2.4 ni yake. Alikuwa akinitania, "Dada Fen, hiyo nne ilikukosea nini? Mizimu haipandi lifti!" Kifurushi kilichomwangusha Mama Lü ni 3.3.5. Aliyeiruka nne ni mimi.

Hayo ndiyo niliyokuja kusema. Nimesomewa, na sina cha kupunguza.

(Sahihi) Tsao Yu-fen

MAELEZO YA AFISA: Shahidi amefahamishwa kwamba kuanzia sasa anahojiwa kama mtuhumiwa na ana haki ya kupiga simu moja. Ameomba simu hiyo apigiwe mama yake Chiu Pei-hsun.

(Sahihi) Sajini Kang Wei-lun, saa 5:25 asubuhi