Komunike ya Koko Haikufika Mumosho

Bukavu, Alhamisi. Mvua haijakatika tangu asubuhi, njia ya mutaa wetu wa Kadutu imekuwa matope matupu. Nimejifungia chumbani. Nina hasira.

Juma lililopita tulimuzika koko, mama yake papa. Komunike, tangazo la kifo chake, niliisoma mimi mwenyewe, kwa Mashi, lugha yetu ya nyumbani, kwenye redio ndogo ya parokia, ambako ninasoma matangazo ya jioni nikitoka masomo. Mbele ya watu ulimi wangu unakufa. Mule ndani, mimi na mikro peke yetu, ninaweza.

Shangazi, binti yake koko, anaishi Mumosho. Sauti yetu haifiki kule: mashine ya kurusha matangazo ni dhaifu, milima inaimeza. Na kwetu, kifo kikisomwa redioni, watu wote wameitwa. Hakuna tena wa kutumwa. Papa hakutuma mutu. "Si redio imesema?"

Hakuna aliyekumbuka milima. Hata mimi niliyesoma.

Jumapili shangazi akafika na kuku wa kumuletea mama yake. Alianza utani tangu nje: "Ninyi wa hapa! Munalala mpaka saa hii?" Akatukuta tumenyolewa vichwa kwa matanga.

Kilio chake sitakiandika.

Jana sasa, sitoyen mumoja, "mwananchi" kama wanavyotaka tuwaite, wa ofisi ya mkoa, ndani ya abakosti, koti lile la chama lisilo na tai, alikuja kutusomea kwa Kiswahili sheria inayopendekezwa: redio ndogo zitaruhusiwa kuongeza nguvu. Ukumbi wa parokia ulilipuka kwa makofi. Mimi pia nilipiga, mujinga! Halafu akafika kwenye sharti: redio itakayoongeza nguvu itapitisha matangazo ya Kinshasa kila jioni, na lugha za kienyeji zitapunguzwa.

Jioni ndiyo saa ya komunike zetu.

Mama mumoja muuza mihogo akapaza sauti: "Aah, munatupatia kinywa kikubwa ili tuseme maneno yenu!" Watu wakacheka. Sitoyen akajibu bila kuinua macho: "Mama, andika maoni yako. Kwa Kifaransa."

Kwa Kifaransa! Karatasi yenyewe ya sheria, ile tuliyogawiwa, iko kwa Kifaransa tupu. Mimi nilielewa kila neno, nikataka kusimama. Nikaikunja karatasi, nikabaki nimekaa.

Leo mukubwa wa redio ameniita pembeni: "Binti yangu, usichokoze wale watu. Tupate mashine kwanza. Polepole."

Polepole! Shangazi hakumutupia mama yake hata konzi moja ya udongo kaburini. Na mashine hiyo yenye nguvu itamuletea nini kule Mumosho? Nyimbo za chama.

Kesho, kabla ya komunike, nitasoma sharti hilo kwa Mashi, lote, polepole mutu aelewe. Mumosho hawatasikia, ninajua. Lakini mama za Kadutu watasikia, na siku ya soko watawaambia wenzao wanaoshuka kutoka kule. Hao watalipandisha neno hilo mulimani kwa miguu.

Na wakinifukuza?

Wanifukuze.