Wageni Wanataka Uso, Nami Nimeuficha Wangu

Mpendwa mshauri, nisaidie ningali na pumzi ya kukusikiliza, maana daktari ameshaniambia saratani imefika kwenye ini, na nina jambo nisilotaka kwenda nalo kaburini.

Mimi ni ofisa mstaafu wa shirika la umma lililobinafsishwa, na tangu hapo nimekuwa mwenyekiti wa kikundi chetu hapa Buguruni, kinachowasaidia kina dada wanaouza miili na vijana wanaojidunga dawa za kulevya wamalize dawa za kifua kikuu na wasiache zile za virusi vya UKIMWI, dawa ambazo hospitalini hutolewa bure, lakini nauli, uji wa asubuhi na kina mama wanaopita mlango kwa mlango kuwahimiza wagonjwa hulipiwa na wahisani wa nje, ambao mkataba wao unakwisha na Alhamisi ijayo wanakuja kuamua kama wataendelea. Wanataka kumsikia mgonjwa mmoja, mbele ya kamera, basi katibu wetu Vitalis akamteua Sitara, muuza blauzi za mitumba pale Mchikichini, aliyepona kifua kikuu na bado anatumia dawa za virusi.

Sitara alinijia nyumbani. "Shikamoo babu. Nikisimama pale, nani tena atanunua blauzi kwangu? Si watasema nimeijaribu kwanza!" Akacheka mwenyewe, kisha akalia.

Nilimwambia Vitalis tumwache. Akanijibu, "Mzee, wahisani hawafadhili kivuli. Wakiondoka, watu watameza vidonge na njaa, wataviacha, tutawazika. Au wewe unao uso mwingine?"

Ninao, mshauri, nao ni wangu. Huu mwaka wa nne natumia dawa hizohizo za virusi, nazichukua kituo cha mbali, nazihamishia kwenye kopo la dawa za presha, na mke wangu Kuruthumu ndiye anayenikumbusha kila jioni, "Baba Nasreen, presha yako hiyo," na kwa ajili ya presha hiyo nisiyokuwa nayo ameacha kabisa kutia chumvi kwenye mchuzi, naye anakula chapwa pamoja nami bila kunung'unika. Nikisimama badala ya Sitara, Kuruthumu atajua, na msikitini watajua, na nikikaa kimya, ama binti wa watu ataaibika ama uji utakatika. Je, nife na siri yangu, au niivunje nyumba yangu siku hizi za mwisho?

Mzee wa Buguruni

JIBU

Shikamoo mzee wangu. Pole kwa maradhi. Majina yote nimeyabadili. Pole yangu inaishia hapo.

Umeniandikia habari za wageni, za Sitara, za msikiti. Nimerudia barua yako nikitafuta mahali uliposema Kuruthumu amepimwa. Sikupaona. Unawahimiza mabinti wa watu watunze afya zao, mkeo umemwachia kopo la presha! Mzee, nyumba unayoogopa kuivunja ina ufa tayari, na aliyelala chini ya ufa huo ni mkeo.

Kwa hiyo Alhamisi isubiri. Ukilikunja gazeti hili, mwite, mkae wawili, umwambie kwa kinywa chako, umwombe radhi, kisha mwende mkapime. Akiwa salama, mshukuru Mungu. Akiwa na virusi, dawa zipo na njia unaijua. Akikasirika, nyamaza, ni haki yake. Usithubutu kumwambia ulikuwa unamlinda.

Sitara hasimami. Wewe ndiye mwenyekiti, sema hapana na iwe hapana. Vitalis awaarifu wageni mapema kwamba hakuna kamera, ila wanakaribishwa wakae na wagonjwa walio radhi, wanywe nao uji, wawaulize wao wenyewe nini kitatokea uji ukikoma. Mhisani wa kweli ataelewa. Na wewe, Kuruthumu akiridhia, simama useme yako. Asiporidhia, kaa.

Tena, mwambie Vitalis aanze sasa kubisha hodi kwa wenye maduka ya unga Kariakoo na kwa diwani wenu. Figa moja haliinjiki chungu. Wahisani tunawahitaji, na tuwabane waendelee, lakini uji wa mgonjwa usingoje ndege itue.

Na mzee, ukishamwambia Kuruthumu, mwombe atie chumvi kwenye mchuzi. Amekula chapwa vya kutosha kwa ugonjwa usiokuwepo.