Radio ya motokari ya baba

Dilala, mu Kolwezi, siku ya yenga, kisha misa

Na mi niliijisifia sana hii radio! Baba alipokufa, motokari yake ilibakia kwangu bila radio. Nilitafuta mwaka muzima radio ya uso wa zamani, wa kufanana na ule wa radio yake. Ndani nikatia mashini mupya ya kutoka mbali, ikamate masauti muzuri. Ukiangalia kwa inje, huwezi kujua. Heri ningeiacha mbovu.

Leo jirani yetu, Tata Kalenga, alikuja kuona motokari, juu ya kuinunua. Kesho tunahamia ku gare na bantu bengine ba Kasai benye banafukuzwa, kungojea treni ya kwenda kule. Batoto banauliza Kasai iko namna gani. Nitabajibu nini? Mi nilizaliwa hapa Dilala. Baba ndiye alitoka kule, na kaburi yake iko hapa.

Tata Kalenga akaikala ndani, akazungusha butoni. Sauti ikatoka safi, bila kukwaruza hata kidogo. Mukubwa mumoja wa serikali alikuwa anasema bantu ba Kasai barudi kwabo, inchi ya Katanga haiko yabo.

Akapunguza sauti polepole, sawa vile mutu anafanya mu chumba ya mugonjwa. Ni mutu muzuri, na ile ndiyo inaniumiza zaidi.

Kisha akauliza: «Tata Mulumba, radio inabakia na motokari?»

«Inabakia,» nikamujibu. «Yo iko na uso wa hapa. Hakuna mutu atauliza ndani yake ilitoka wapi.»